Shavu la Mpiga Tarumbeta

Daktari alipomwambia kwamba atakata kipande cha ngozi laini ya ndani ya shavu lake akashonee njia ya mkojo, Baragumu alimgeukia mkewe kwanza ahakikishe kwamba hajasikia vibaya. Mkewe alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio, na mabega yalikuwa yanamtikisika.

"Unacheka nini?"

"Sicheki, baba watoto. Nimepaliwa."

Baragumu alilishika shavu lake la kushoto kama mtu anayelinda mfuko wake sokoni. "Daktari, shavu hili ndilo linalonilisha."

Daktari alikuwa binti wa umri wa kitindamimba wake, miwani ameipandisha juu ya nywele, na alikuwa na tabia ya kuchora kila alichokisema. Kwenye karatasi mbele yake palikuwa na kibofu kilichofanana na kitunguu, chini yake mstari mmoja mrefu, na pale vilipokutana alikuwa amepaka weusi mpaka ncha ya penseli ikavunjika. "Hapa ndipo palipozibika," alisema. "Kovu tutalitoa, na pale tulipolitoa panahitaji kiraka. Ndani ya mdomo ni pabichi muda wote, ndiyo maana ngozi ya huko inafaa huku chini. Na shavu linapona upesi, mzee wangu."

"Kata hata yote mawili," mkewe alidakia. "Mashavu hayo yamefanya kazi ya porojo tangu tuoane. Nayo yakafanye kazi ya maana."

Sasa, Baragumu hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na wenzake wa bendi ya matarumbeta, bendi iliyopiga kwenye arusi, misiba, ufunguzi wa shule, na mara moja kwenye uzinduzi wa machinjio. Bendi ilijulikana kwa jambo moja tu. Maharusi wakishafika kwenye viti vyao, ngoma zinanyamaza, matromboni yananyamaza, halafu tarumbeta la kwanza linapanda peke yake hadi kwenye sauti ambayo wanabendi wenyewe waliiita kilele, na linakaa huko juu mpaka watu wanaanza kumwonea huruma mpigaji. Huyo mpigaji ni Baragumu. Watu walikodi bendi nzima kwa ajili ya sauti hiyo moja, naye alilijua hilo, na hakuwa mtu wa kuficha anachokijua.

Kisha tezi dume ikamletea saratani. Wakaitoa, na saratani ikaondoka nayo, jambo ambalo mtu mwenye akili zake angelishangilia mwaka mzima. Baragumu alishangilia mpaka siku aliporudi jukwaani. Alipopanda kileleni, chini mkojo ukashuka. Si sana, kijiko hivi, lakini mwanaume mzima aliyesimama mbele ya bibi arusi hana kijiko cha kupoteza. Akanunua pedi za watu wazima, akazificha kwenye kasha la tarumbeta chini ya kitambaa cha kufutia, na kila baada ya shughuli akawa wa kwanza kuondoka.

Hali hiyo iliendelea kwa miezi kadhaa, halafu siku moja akapanda, akashuka, akajipapasa, mkavu. Arusi iliyofuata, mkavu tena. Nani kama yeye! Pedi akatupa. Mkewe alielezwa wakati wa chakula, tena kwa mbwembwe, kwamba mwili wa mwanaume aliyetulia unajitengeneza wenyewe. Ni kweli kwamba siku hizo mkojo nao ulikuwa mwembamba kama uzi wa kushonea, na kwamba alikaa msalani muda mrefu hadi mkewe akamgongea kumuuliza kama anajenga humo ndani. Lakini hilo Baragumu alilihesabu upande wa faida. "Hiyo ndiyo breki," alisema. "Breki zimerudi." Mwanaume akishaamua kujidanganya hahitaji msaidizi.

Breki zilishika moja kwa moja katikati ya arusi. Bibi arusi alikuwa hajafika hata nusu ya ukumbi. Baragumu, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekunywa na hajatoa hata tone, alipinda ghafla akashika chini ya kitovu, na tarumbeta likatoa mlio ambao wageni wengine walidhani ni wa mbuzi. Mkewe alimpakia kwenye teksi. Huko hospitali wakamweleza kwamba pale kibofu kiliposhonewa baada ya tezi kutolewa pameota kovu, na kovu limeziba njia. Walipitisha kifaa chembamba chenye kamera, wakalikata. Likaota tena. Wakalikata, likaota. Mwisho wakamtoboa chini ya tumbo, wakapitisha mpira hadi kwenye mfuko uliofungwa pajani, na kila alipojaribu kupuliza, tundu lile likamchoma kama limepakwa pilipili. Tarumbeta likalala kwenye kasha. Ndiyo wakapelekwa kwa huyu binti wa penseli.

"Niulize kitu kimoja tu," Baragumu alisema. "Nikishatengenezwa, nitavuja?"

Daktari aliweka penseli chini. "Kovu ndilo lililokuwa linakuzuia usivuje, mzee. Wewe ulidhani unapona, kumbe ulikuwa unazibika. Tukilitoa, mkojo utapita. Kama misuli ya kuubana bado ina nguvu ya kutosha, hilo sijui, na siwezi kukudanganya. Ukivuja kuna mazoezi, na yakishindikana kuna kifaa kidogo cha kuubana tunachoweza kukiweka baadaye. Lakini kwanza tufungue njia."

Baragumu alihisi aibu ikimpanda mpaka masikioni. Zile breki! Alikuwa amesimulia mpaka kwa jirani.

"Basi kama ni shavu tu," mkewe alisema, na safari hii hakuwa na mzaha, "chukua langu. Mimi sipulizi kitu." Akafungua mdomo kabisa na kuusogeza kwa daktari.

Daktari alimweleza taratibu kwamba mwili wa mtu mmoja hukataa ngozi ya mwingine.

"Afadhali," Baragumu alisema. "Shavu lako lingekaa kule chini lingenisuta mchana na usiku."

Walipotoka hadi koridoni, alimshika mkewe mkono wakasimama ukutani. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Nisikilize. Nitakatwa, sawa. Lakini siku nikilowa tena nikipuliza, mbele ya mtu yeyote, basi. Tarumbeta la kwanza namwachia mdogo wako. Sitakuwa yule mzee anayejikojolea kwenye arusi za watu. Bora nisipige kabisa. Nakula kiapo."

"Kula chakula kwanza," mkewe alisema. "Tangu asubuhi hujatia kitu mdomoni, na mdomo wenyewe ndio huo unaokwenda kukatwa."

Huyo mdogo wa mkewe, yaani shemeji, ndiye aliyekuwa tarumbeta la pili, na alikuwa tatizo la peke yake. Siku ile ya arusi, watu walipomuuliza Baragumu ana nini, mwenyewe alijibu neno la kwanza lililomjia: mgongo. Uongo ule ulimtokea puani. Shemeji alikuwa na imani kubwa na dawa ya kuchua, na tangu hapo kila mwisho wa wiki alikuja na chupa yake, akakunja mikono ya shati na kumtaka mgonjwa alale kifudifudi. Kifudifudi ndiko hasa alikoshindwa kulala, kwa ajili ya ule mpira wa tumboni. Basi akawa anachuliwa ameketi, kajifunika blanketi kiunoni jua likiwaka, huku akisema "hapo hapo, shemeji" juu ya mgongo ambao haujamuuma tangu azaliwe.

"Umekaza sana," shemeji alisema akimkandamiza kwa vidole gumba.

"Ni mawazo. Na kilele anapanda nani siku hizi?"

"Tunamalizia chini kidogo tu."

"Watu wanasemaje?"

"Wanauliza Baragumu yuko wapi."

Hilo lilimfurahisha, kisha akaona haya kwa kufurahi, kisha akakumbuka kwamba huyu mtu amekalia kiti chake na huenda ameshakizoea, akanuna. Yote hayo yalipita huku anachuliwa. Alipoondoka shemeji, blanketi lote lilinuka dawa na mkewe alilianika nje.

Siku ya upasuaji ikafika. Walimchoma nusukaputi akiwa katikati ya kumweleza nesi kuhusu uzinduzi wa machinjio, na alipozinduka hadithi haikuwepo tena mdomoni, wala mdomo wenyewe haukufunguka. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba kana kwamba ameficha tonge, ndani yake mna pamba na nyuzi. Chini, nyuma ya korodani, palikuwa na mshono ambao alishauriwa asiukalie, kana kwamba alikuwa na hamu hiyo. Mpira mmoja ulitoka mbele, mwingine bado ulikuwa tumboni. Daktari alipita akasema kila kitu kimekwenda vizuri, shavu limekaa mahali pake. Baragumu alitaka kujibu kwamba mahali pa shavu ni usoni. Kikatoka kilio kama cha paka.

Mkewe alivuta kiti. "Leo utanisikiliza," alisema. "Nafasi hii sijawahi kuipata."

Akaanza na madogo: kelele za mazoezi watoto wakiwa wamelala, wageni wanaoletwa bila taarifa. Halafu akainama, sauti ikashuka.

"Zile pedi ulizokuwa unaficha kwenye kasha. Nilikuwa naziona. Zikikaribia kwisha nilikuwa naongeza mbili tatu, wewe ukadhani umehesabu vibaya. Sikusema, kwa sababu wewe hukutaka nijue, nikakuachia heshima yako. Lakini umenichosha, mume wangu. Walipotuambia saratani, mimi sikuuliza habari ya tarumbeta. Niliuliza kama utaishi. Mpaka leo nauliza hilo tu. Ukilowa nitafua. Ukifa, nitafua nini?"

Chozi lilimtoka Baragumu, likapita juu ya shavu lililokatwa, na hakuweza hata kusingizia vumbi. Alinyoosha mkono kitandani. Mkewe akaushika, akaendelea na habari ya wageni.

Ni wakati huo huo shemeji alipotokea mlangoni na chupa yake ya dawa. Hakuna aliyemwita, alikuwa ameulizia mapokezi. Akasimama akatazama kitanda hadi kitanda. Kila kitanda kilikuwa na mwanaume, na kila mwanaume alikuwa na mfuko unaoning'inia ubavuni, wenye rangi zake, kuanzia limau hadi chai ya rangi.

"Hii ndiyo wodi ya mgongo?" aliuliza.

"Mgongo wa mbele, ndugu yangu," alimjibu mgonjwa wa kitanda cha jirani, dereva wa lori mwenye mfuko uliojaa kuliko wote, na wodi nzima ikaangua kicheko, kila mtu ameshika mshono wake.

Shemeji akafika kitandani. Alitazama mfuko, akatazama shavu, akamtazama dada yake.

"Mgongo umempandia usoni," dada yake alisema, macho makavu.

Shemeji hakucheka wala hakuuliza tena. Chupa aliitia mfukoni, akaketi, akaeleza kwamba mpiga ngoma amepasua ngoma mpya na kwamba mvua imewaharibia shughuli moja. Alipoaga alimpiga Baragumu bega kidogo, basi. Nyumbani hakuja tena na dawa ya kuchua, na Baragumu, ambaye kwa namna fulani alikuwa ameanza kuizoea, hakuthubutu kuuliza kwa nini.

Wiki zilipita. Shavu lilipungua. Walimpiga picha yenye dawa inayoonyesha kama mshono unavuja kwa ndani, haukuvuja. Mpira wa mbele ukatolewa. Baragumu akaingia msalani, akasimama, akangoja. Na ukaja. Haukuja kama uzi, ulikuja wote, mnene, wenye kishindo, ukaimba kwenye choo mpaka mkewe aliyekuwa ametega sikio mlangoni akapiga vigelegele. Baragumu alitoka huko amelowa machozi, si kitu kingine, na siku nzima alikunywa maji ili tu arudi. Baadaye ule wa tumboni nao ukatolewa. Akitembea, mkavu. Akikohoa, mkavu. Akinyanyua ndoo aliyokatazwa, tone moja, nalo alilikana.

Tarumbeta hakuligusa. Mara shavu halijakaza. Mara anangoja hali ya hewa itulie. Bendi walipouliza, alisema wampe muda. Mkewe hakumsukuma, lakini aliona jinsi anavyolizunguka lile kasha akipita sebuleni, kama kuna nyoka humo.

Kwenye kliniki, daktari alimkagua mdomo kwa tochi, akamkojolesha kwenye mashine inayopima kasi, akafurahi. "Shavu limepona. Umeshapuliza?"

"Bado."

"Kwa nini?"

Baragumu alitazama dari. Mkewe akamjibia: "Anaogopa, daktari."

"Basi safari ijayo uje nalo," daktari alisema. "Unywe maji, usiende haja ndogo, unipigie hapa hapa. Mimi siwezi kuamua juu ya kitu ambacho sijakiona."

Ndivyo ilivyotokea kwamba asubuhi moja Baragumu alisimama katikati ya chumba cha daktari, kibofu kimejaa, kitambaa cha karatasi kimepangwa ndani ya suruali, tarumbeta mkononi. Shemeji ndiye aliyelibeba kasha mpaka hospitali, kwa kuwa mgonjwa alikuwa bado haruhusiwi kubeba vizito, na sasa alikuwa ameketi kwenye benchi koridoni pamoja na wanaume wengine waliokuwa wakingoja zamu. Mlango ulifungwa. Ulikuwa mlango mwepesi wa mbao, usioweza kuficha hata chafya.

Akaanza chini. Midomo ilikuwa migeni kwake, na shavu la kushoto lilivuta kidogo kwa ndani, lakini sauti ilitoka. Akapanda katikati. Mkavu. Akamtazama mkewe, mkewe akaitikia kwa kichwa. Koridoni mazungumzo yalikuwa yamekatika.

"Hiyo ndiyo ya juu?" daktari aliuliza.

"Bado."

"Ninayoitaka ni hiyo."

Akavuta pumzi mpaka kwenye mbavu za mwisho, akapiga moyo konde, akapanda. Kilele kilikuja chembamba, kikatetemeka, kikasimama. Na hapo hapo alisikia joto. Si kijiko safari hii, labda viwili. Kila kitu alichokiogopa tangu aingie hospitali kilikuwa kinamteremkia pajani mbele ya mkewe na binti wa watu, na kitu pekee alichopaswa kufanya ni kuacha kupuliza. Hakuacha. Mwenyewe baadaye hakuweza kueleza sababu. Alikuwa ameikosa sauti ile muda mrefu mno, na sasa alikuwa ndani yake, akaona kama ni kulowa ameshalowa, ashuke ya nini? Akaishikilia mpaka macho yakamtoka, mpaka vioo vya dirisha vikaanza kunguruma, mpaka pumzi ilipokwisha yenyewe.

Koridoni wanaume walipiga makofi. Mmoja alipaza sauti kuuliza huyo amefanyiwa nini humo ndani, na kama na yeye anaweza kufanyiwa.

Daktari alitazama kitambaa. "Umevuja kidogo," alisema. "Ni kule juu tu. Tutaanza na mazoezi, tuone. Na kile kifaa nilichokwambia bado kipo." Kisha akaivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. "Nimesoma miaka mingi, mzee. Sijawahi kuona kipimo cha namna hii."

Baragumu alijipangusa, akavaa, akafunga mkanda. Kiraka kidogo cha unyevu kilikuwa kimetokeza kwenye suruali yake ya kijivu, na hapakuwa na jinsi ya kukificha isipokuwa kwa kasha. Kasha lilikuwa limebaki koridoni na shemeji. Mkewe alilegeza mtandio amfunge kiunoni. Akaukataa. Akafungua mlango.

Wanaume wote waliinua macho. Shemeji alisimama na kasha mikononi.

"Vipi?" aliuliza.

"Mkavu," mkewe aliwahi kusema, kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. "Mkavu kabisa, kama..."

"Nimejikojolea, shemeji," Baragumu alisema.

Korido nzima ilisikia. Mzee mmoja kwenye benchi alikivuta karibu kile kimfuko chake chini ya koti, kisha akakiachia. Baragumu alisimama pale, tarumbeta mkono mmoja, mkewe mkono wa pili, sauti yake shwari.

"Nikipanda kileleni, najikojolea. Ndiyo maana nilikuwa naondoka mapema siku zile. Haikuwa mgongo hata siku moja. Na kesho nataka kuja mazoezini. Ni saa ngapi?"

Shemeji alimtazama usoni, akashusha macho kwenye suruali, akayarudisha usoni. Akafungua kasha na kulishika wazi mbele yake.

"Saa kumi," alisema. "Vaa suruali nyeusi."